Mimi, Thomson wa Al Sadd

Ijumaa, 7 Novemba 2014

Nimecheka leo mpaka mbavu zinauma. Jennifer alinidanganya. (Tunaishi chumba kimoja, yeye ni wa mapokezi kwenye hoteli.) Alisema twende kwa Madam Virginia kula chapati. Chapati zilikuwepo, ndiyo. Lakini kabla ya chapati kulikuwa na mkutano! Kabla sijamaliza kuvua viatu nimeshatiwa kwenye mchezo wa kuigiza wa sherehe ya Jamhuri.

Madam Virginia ni mhasibu, anakaa mtaa wa pili kutoka kwetu hapa Al Sadd, Doha, na ndiye mwenyekiti wa karibu kila kitu cha Wakenya. Mwaka huu hataki ngoma na mashairi ya watoto. Ameandika mchezo mwenyewe. Kuhusu nani? Joseph Thomson! Kimya. Mskoti, akasema, mtaalamu wa mawe na ramani, aliyeivuka nchi ya Wamaasai kwa miguu mwaka 1883. Kimya tena. Halafu mtu wa nyuma akauliza kama si yule mwenye maporomoko ya Nyahururu. Madam akapiga makofi kama mwalimu wa chekechea. Yeye ni wa Nyahururu. Amekua akiyasikia hayo maporomoko kitandani.

Mwaura, wa kompyuta, mrefu, miwani — ndiye Thomson. Silvesta, askari wa zamu kwenye duka kubwa la hapa mtaani, Mmaasai wa Narok — ndiye mzee wa Kimaasai. Mimi? Mpagazi. Nabeba sanduku la mawe kichwani na kusema, "Bwana, maji yameisha." Basi. Sentensi moja. Nimeisema bafuni kwa hasira, kwa huzuni, na kwa mahaba. Jennifer ameniambia ninyamaze.

Tulipokuwa tunanawa mikono ndipo akaingia Dedan. Dereva wa familia moja kule Al Rayyan. Funguo za gari mkononi, ananukia udi wa watu mpaka kachumbari ikakosa harufu. Atakuwa Jumbe Kimameta, yule mfanyabiashara wa Pangani aliyemwonyesha Thomson njia. Aliniuliza mimi nani kwenye mchezo. Nikasema, "Bwana, maji yameisha." Akaenda kuniletea maji!

Sijui kwa nini naandika hili. Ni maji tu.

Jumapili, 9 Novemba

Kliniki. Wagonjwa wengi. Mimi ni msaidizi wa daktari wa meno, kazi yangu ni kunyonya mate ya watu na kusema "fungua zaidi" kwa Kiarabu kibovu. Chakula cha mchana nimekila nikisoma skripti ya Madam.

Huyu Thomson! Baba yake alikuwa mtu wa machimbo ya mawe, kijijini. Mtoto akakua anaokota mawe tu. Akasomea mawe Edinburgh. Halafu safari ya kwanza Afrika alikuja kama msaidizi, mtu wa kuangalia miamba na majani, chini ya mkubwa wake Johnston. Hawajafika mbali, Johnston akaugua, akafa. Wenzake wote wanamwangalia Thomson. Kijana wa miaka ishirini na moja! Na akaenda mbele. Mpaka Nyasa, mpaka Tanganyika.

Mimi nikiwa na miaka hiyo nilikuwa naogopa kwenda benki peke yangu kule Kisii mjini.

Sikutaka kumpenda. Nilitaka nimchukie kidogo, Mzungu na ramani zake. Lakini anachekesha, na ni mwoga mahali pa kuogopa. Daktari — Mmisri, mama mpole ila macho yake yanaona kila kitu — aliuliza nacheka nini. Nikasema mawe. Akasema, "Kwenye figo?"

Ijumaa, 14 Novemba

Mazoezi juu ya paa kwa Madam Virginia. Hewa safi, joto limekwisha, minara ya West Bay inang'aa kule mbali. Sisi tuna masanduku vichwani. Wahindi wa jengo la pili walitoka kutuangalia, wakakaa kabisa na chai zao.

Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka tukafika kwa meno.

Iko hivi. Thomson alikuwa na meno mawili ya bandia. Alipofika kwa Wamaasai, na hali ni mbaya, akajifanya mganga mkubwa. Anagonga meno — yako imara! — halafu anayatoa, anayarudisha. Halafu anatia Eno, ile dawa ya unga ya tumbo, kwenye maji, yanachemka bila moto. Hii si ya Madam, ilitokea kweli. Lakini Madam ameandika kwamba mzee wa Kimaasai anaanguka chini, anatetemeka, analia "mganga, mganga!"

Silvesta alisoma mstari wake. Akausoma tena kimoyomoyo. Akakunja karatasi.

"Hii siwezi, Madam."

Madam akasema historia ni historia. Silvesta akasema kutetemeka kumeandikwa wapi kwenye historia, nani alimpima? Madam akasema ni vichekesho tu, watu watafurahi. Silvesta akasema, kwa adabu sana, "Watafurahi, ndiyo. Wananicheka mimi." Akavaa kofia yake ya kazi, akashuka ngazi.

Mwaura ameshika meno ya karatasi mkononi kama mtu aliyeokota kitu cha mwenyewe.

Tulirudi kwa miguu, mimi, Jennifer na Dedan. Jennifer alitembea mbele makusudi, mbio mbio, eti anaongea na simu. Simu ilikuwa imezimwa! Dedan anatoka Taveta. Anasema Thomson alipojaribu mara ya kwanza mambo yakamshinda, alitoroka kurudi Taveta. "Sisi ndio tulimficha," akasema, kama vile yeye mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Nikacheka. Akacheka. Tukapita nyumba yetu bila kuiona.

Jumanne, 18 Novemba

AKI! Sijui nianzie wapi.

Mwaura amepelekwa Dukhan, upande wa pili wa nchi, na kampuni yake, mpaka mwaka mpya. Hatuna Thomson. Madam Virginia amenipigia nikiwa katikati ya gego la mtu. Daktari akaniruhusu nipokee kwa sababu simu ililia mfululizo, akadhani kuna aliyefariki nyumbani.

Madam: "Nyanchama, wewe una sauti."
Mimi: "Ndiyo, Madam, maji yameisha."
Madam: "Acha maji. Wewe ndiye Thomson."

Nilipiga kelele. Mgonjwa naye akapiga kelele. Daktari akatuangalia wote wawili, akatikisa kichwa, akaendelea.

Jumatano, 19 Novemba

Mimi ni Mzungu! Mimi ni mwanamume! Mimi ni mtaalamu wa mawe! Nimejiangalia kwenye kioo na kofia ya Jennifer ya ufukweni. Nafanana na shangazi yangu akienda shamba. Haidhuru!

Ijumaa, 21 Novemba

Mazoezi yangu ya kwanza nikiwa mkubwa wa msafara. Mistari nimeishika yote. Nimeisema kwenye basi, watu wakasogea mbali nami.

Onyesho la makaa ya mawe ndilo napenda. Sultani wa Zanzibar amesikia kwamba kule mto Ruvuma kuna makaa, meli zake zitakula bure. Anamtuma Thomson. Thomson anakwenda, anatazama, anagonga, analamba — na ni mawe meusi tu yasiyowaka vizuri. Sasa ni nani wa kumwambia Sultani? Huyo kijana akamwambia! Hakupamba. Sultani akanuna. Namheshimu sana hapo. Hapa watu tunaambia wakubwa "ndiyo, hakuna shida" hata nyumba ikiwaka moto.

Dedan ni Kimameta kabisa. Anatembea polepole, tumbo mbele, anasema "Bwana Thomson, njia haina haraka na wewe." Mstari huo haumo kwenye skripti! Ameutunga. Kila akinitazama nasahau niko mwaka gani.

Lakini Silvesta hakuja. Pale mahali pake tuliweka kiti na blanketi jekundu juu. Nikakifanyia kiti uganga wangu wote. Hakuna aliyecheka.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimekwenda kumwona Silvesta kazini, baada ya zamu yangu. Amesimama pale mlangoni pa duka kama mlingoti. Sikumwomba Madam ruhusa. Nimejituma tu.

"Umekuja kununua nini, dada?"
"Nimekuja kwako, kaka."

Akatabasamu kidogo. Akasema hana shida na Mzungu wangu. "Shida ni mimi. Nianguke chini nalia mganga — watoto wangu wataona, dada. Kila kitu siku hizi kinarekodiwa. Watamwona baba yao Doha anagaagaa mbele ya Eno."

Nikamwuliza, ungekuwa pale wewe, siku ile, ungefanya nini?

Alifikiri. Akamshikia mlango mama mmoja mwenye troli na watoto wanaoning'inia. Akarudi.

"Ningecheka," akasema. "Mtu ametoka kwao kule, amekonda, jua limembabua, anajing'oa meno ili tu nimwache apite! Ningecheka sana. Halafu ningemwambia: rudisha meno, utakula nini?"

Nikaangua kicheko pale pale kwenye mlango wa duka! Bosi wake akachungulia. Silvesta akasimama wima, uso mkavu, lakini mabega yanatingishika.

Nikamwambia hilo ndilo onyesho. Hilo hasa. Akasema Madam hatakubali. Nikasema tutaona.

Ijumaa, 28 Novemba

Nimechoka lakini siwezi kulala bila kuandika.

Silvesta alikuja. Alisimama karibu na ngazi, tayari kushuka. Nikamwambia Madam mbele ya wote: tubadilishe, mzee asianguke, mzee acheke. Nikasema na ule mstari wa meno. Watu wakacheka papo hapo. Wahindi nao wakacheka, sijui walicheka nini.

Madam hakucheka. Alisema mimi ni Thomson, si mwandishi. Nikasikia joto usoni. Dedan akatoka kwenye mstari wa wapagazi akasimama karibu yangu. Nikapata nguvu. Nikasema, "Madam, Sultani alitaka makaa. Thomson alimwambia hayapo."

Sijui niliutoa wapi ujasiri! Madam akaketi kwenye sanduku. Halafu akaanza kuongea kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ya chini.

Baba yake alikuwa anauza kadi za posta pale juu ya maporomoko. Kila mtalii aliyepita, baba alimsimulia habari za Thomson. Meno, Eno, Wamaasai wanaanguka — hapo ndipo watalii walipocheka, na baba anacheka nao, na kadi zinanunuliwa. Yeye, mtoto, amesimama kando, anajua kila neno. "Nimeandika kama baba alivyokuwa akiwasimulia," akasema. "Sikuwahi kujiuliza kama ndivyo alivyokuwa akitusimulia sisi nyumbani."

Silvesta akamwuliza, polepole, "Nyumbani alikuwa anasimuliaje, Mama?"

Hakumwita Madam. Amemwita Mama.

Madam akafikiri, akaanza kutabasamu. "Nyumbani alisema yale maji yalikuwa na jina lao kabla Thomson hajazaliwa. Jina la Kimaasai. Ati Thomson aliuliza tu njia."

Basi! Silvesta akavua kofia ya kazi, akajifunga blanketi. Tukafanya onyesho zima upya. Nilipong'oa meno yangu ya karatasi na yeye akasema "rudisha meno," Madam ndiye aliyecheka kuliko wote. Alijifuta macho kwa skripti.

Dedan alininong'oneza kwamba leo ndio nimekuwa mkubwa wa msafara kweli. Nimeshuka ngazi nikiruka ruka kama mbuzi.

Jumanne, 2 Desemba

Meno yangu yamefika!! Fundi wetu wa kliniki, Mfilipino, anatengeneza meno ya bandia chumba cha nyuma. Nilimwelezea habari ya Thomson kwa Kiingereza na mikono. Amenifanyia meno mawili mazuri, na kifuniko cheusi cha nta cha kuvaa juu ya meno yangu halisi, nionekane kama nina pengo. Nimejaribu mbele ya kioo cha chumba cha vyombo. Nagonga — toa! Rudisha — toa!

Nikageuka. Daktari yuko mlangoni.

Nikamweleza yote. Alisikiliza na mikono kiunoni. Halafu akasema kifuniko kimekaa vibaya, njoo. Akanilaza kwenye kiti cha wagonjwa, akanirekebishia mwenyewe kwa kijiko kidogo! Akasema anataka tiketi.

Ijumaa, 5 Desemba

Dedan hakuja kwenye mazoezi.

Ameandika ujumbe: familia imehamia kambini jangwani, kule Sealine, kama watu wa hapa wafanyavyo wakati wa baridi. Mahema, majenereta, kondoo, kila kitu. Dereva lazima awe huko Ijumaa na Jumamosi. Kila Ijumaa. Hata ijayo.

Ijayo ni siku yenyewe.

Thomson bila Kimameta ni Mzungu aliyepotea, basi. Madam amesema tutampa mtu mwingine. Jennifer alijaribu ile nafasi. Anatembea kama yuko mapokezi, "karibu sana, njia ni hii." Nikacheka kwa adabu.

Sina hamu ya kuandika.

Jumatano, 10 Desemba

Amepiga simu! Kutoka mchangani! Upepo unavuma, anapiga kelele, mimi nacheka, nusu sikusikia.

Alimwomba bosi ruhusa. Bosi hakuelewa. Mchezo? Mchezo gani, mpira? Dedan akaeleza. Mama mzazi wa bosi, bibi wa heshima ambaye nyumba yote inamsikiliza, alikuwa amekaa kwenye zulia. Akasema, tuonyeshe. Basi Dedan akaigiza Thomson yote peke yake mbele ya hema! Kwa Kiarabu cha kuendeshea gari! Kushoto, kulia, simama, mlima, nyati. Akatumia soda badala ya Eno. Watoto wakamwagiana soda zote. Yule bibi akauliza, na mwisho Mzungu alifika? Dedan akasema ili ajue mwisho lazima kwanza yeye aruhusiwe kwenda Ijumaa.

Bibi akacheka. Amemwambia mwanawe, mwache aende, khalas, yamekwisha. Lakini arudi siku hiyo hiyo.

Nimemrukia Jennifer shingoni. Kitanda kimevunjika ubao.

Ijumaa, 12 Desemba — Jamhuri!

Mwandiko ni wa kuku. Lakini nisipoandika sasa nitasahau utamu wake.

Ukumbi wa shule ulijaa. Wauguzi, walinzi, madereva, wafanyakazi wa nyumbani waliopewa ruhusa, Waganda waliokuja kwa ajili ya pilau. Daktari wangu mstari wa pili, amevaa vizuri kuliko bibi harusi. Mimi nyuma ya pazia: buti za Mwaura, zenye magazeti ndani, kofia, ndevu za pamba.

Na Kimameta hayupo.

Tukaanza. Johnston akafa vizuri. Tukafika Ruvuma, kwenye makaa, na baada ya hapo ni zamu ya Kimameta. Nachungulia mlango: hakuna. Madam ananifanyia ishara pembeni: vuta, vuta! Basi nikavuta. Mpagazi akaleta jiwe. "Hili si makaa." Akaleta jingine. "Hili nalo si makaa." Wapagazi wakaelewa, wakaanza kuniletea kila kitu. Kiti. Si makaa. Mkoba wa mtu. Si makaa. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha kiatu chake cheusi mwenyewe, "Na hiki, Bwana?" Nikakigonga. Nikakinusa. "Bwana, hiki ni karibu sana na makaa." Ukumbi ukapasuka!

Katikati ya hicho kicheko mlango wa nyuma ukafunguka. Dedan! Mchanga mpaka magotini, kanzu yake ya Kimameta ameivaa ndani ya gari, anapita katikati ya watu, tumbo mbele. "Bwana Thomson!" akaita. "Nimetoka Pangani! Njia ilikuwa mbaya!" Watu wakadhani ndivyo ilivyoandikwa. Wakapiga makofi. Mimi nilisahau mstari wangu kabisa. Nikasema tu, "Umefika."

"Nimefika," akasema.

Nadhani tulitazamana muda kupita kiasi. Jennifer alikohoa kutoka kwenye msafara.

Halafu meno. Silvesta amekaa kwenye kigoda, mkuki, shanga alizoazima, mzee kamili. Nikagonga meno yangu. Imara! Nikayavuta — yamekwama! Nikavuta tena kwa nguvu — yakachomoka, yakaruka, yakashuka jukwaani, yakaingia chini ya viti vya mstari wa mbele! Nilitaka kufa. Mama mmoja Mganda, mnene, mwenye kilemba, akainama akayatafuta. Akayaokota. Akapanda ngazi za jukwaa taratibu, akapiga goti kama wanavyofanya kwao, akanipa kwa mikono miwili, akaniita bwana kwa Kiganda: "Ssebo, meno yako."

Watu walikuwa wanalia. Wengine wamesimama. Silvesta akangoja. Akangoja mpaka pakatulia kabisa. Halafu akacheka — kicheko kikubwa, cha mtu mwenye ng'ombe wengi asiyeogopa kitu — akasema, "Rudisha meno, Mzungu. Utakula nini?"

Yalaa! Sijawahi kusikia kelele kama ile. Niliona simu zote juu, zinamrekodi. Na yeye aliziona. Akajiweka sawa blanketi begani, akaziangalia moja kwa moja.

Eno ilifurika kwenye buti. Nyati, yule aliyempiga Thomson pembe, aliniangusha kabla ya wakati. Haidhuru.

Mwisho ndio sikutarajia. London, kitanda. Thomson ana miaka thelathini na saba tu, kifua kimeharibika, safari zimemmaliza. Hajaoa, hana mtoto, ana mawe na ramani. Mstari wangu ni mmoja: "Nivalisheni viatu. Nikiweza kufika mlangoni, safari nyingine nitaiweza." Kwenye mazoezi nilikuwa nausema haraka, niende kula. Leo nikausema na ukumbi ukanyamaza. Nikawaona wote pale mbele, watu waliotoka mbali, kila mmoja na mlango wake anaoufikiria. Mtu akapenga kamasi.

Hapo taa zilitakiwa zizimwe. Hazikuzimwa. Dedan alikuwa amerudi jukwaani! Kimameta hakufika London! Hakuna mahali popote palipoandikwa hivyo! Lakini alikuja, akapiga magoti kando ya kitanda, akachukua buti moja, akanivalisha. Polepole. Akafunga kamba. Akachukua ya pili.

Ndipo taa zikazimika.

Madam hakusema neno kuhusu historia. Alinikumbatia mpaka ndevu zikamhamia. Alikuwa akilitaja jina la baba yake.

Nilipotoka nje kumtafuta Dedan, gari tayari linanguruma, bosi amempigia, yalla yalla, fanya haraka. Akashusha kioo. "Kesho," akasema. Kesho nini? Akaondoka. Kesho!

Jumamosi, 13 Desemba

Nimeingia kazini nikiimba. Video ya Silvesta inazunguka kila kikundi. Mkewe amempigia kutoka Narok, watoto wanasema "rudisha meno" nyumba nzima, mpaka kwa nyanya yao. Daktari leo amenisalimia, "Sabah al-kheir, Mister Thomson."

Sasa naandika nimesimama kwenye chumba cha vyombo. Mlango ni wa kioo. Dedan yuko pale nje, kwenye viti vya kungojea.

Amekuja saa ile tunafungua. Alitumwa mjini kuchukua maji na mkate wa kambi. Nilipomwona moyo ukaruka, nikadhani amekuja kwa ajili ya ile kesho. Amefungua mdomo kusema — na akashika shavu! Ameuma kokwa ya tende asubuhi, gego limepasuka katikati. Daktari hakuuliza chochote, akamlaza. "Habibti, sindano," akaniambia.

Mimi ndiye niliyeshika mrija wa mate wa Dedan. Mapenzi gani haya!

Limezibwa. Ameinuka. Upande mzima wa uso umekufa ganzi. Akanitazama, akavuta pumzi, akasema jambo refu. Jambo la maana, niliona machoni. Lilitoka hivi: "Hyanhaha, hahihi, uhahuha hahi hangu hahanhi?"

Nikasema, "Nini?"

Akarudia. Mbaya zaidi. Udenda ukatoka. Nikampa kalamu na karatasi. Akavisukuma, akatikisa kichwa, akagusa mdomo wake: la, hii ni ya kusema. Daktari akapita na glavu mikononi, akasema ganzi itaisha mchana. Mchana! Bosi anamtaka kambini sasa hivi. Simu yake inalia mfukoni, inakata, inalia tena.

Akasema mara ya tatu. Polepole, neno kwa neno, nusu ya mdomo inafanya kazi ya mdomo mzima. Nilisikia "hangu". Nilisikia kama "Haheha" — labda Taveta? Labda tafadhali? Ameshika funguo kwa mikono miwili.

Nikasema, "Ndiyo."

Imetoka yenyewe! Nimekimbia humu ndani, nimeegemea kabati la vyombo, mashavu yanawaka. Sijui nimekubali nini! Daktari ananiita, mgonjwa mwingine ameshalala kitini. Simu inalia tena kule nje na hapokei. Nikichungulia namwona anacheka na upande mmoja wa uso.

Kama alikuwa anauliza choo kiko wapi, nimejiaibisha kuanzia hapa mpaka Kisii.

Lakini choo kiko pale pale mbele yake, mlango wazi, na hajainuka.